Ngoma ya Ushindi na Mvua ya Bukunzi

Jioni, kazi zinapokwisha kambini na chakula kikiwa bado jikoni, watoto hupenda kukusanyika na kuomba hadithi. Wazee wa pwani huwapa pete ya Nabii Suleimani iliyotiisha majini, au taa ya Aladini iliyosuguliwa ikatoa jini la kutimiza kila haja. Wazee wa bara huwapa mkuki usiokosa shabaha, fimbo ipasuayo maji, au ngoma inayolia yenyewe usiku wa kuamkia vita. Watoto husikiliza macho yamewatoka. Kisha mmoja wao, aghalabu aliye mdogo kuliko wote, huuliza swali ambalo wakubwa wameacha kuliuliza siku nyingi: "Je, vitu hivyo viko wapi leo?"

Swali hilo si la kuchekwa. Ukiacha pete na taa za masimulizi, Afrika Mashariki ilikuwa kweli na vitu vilivyoaminiwa kuwa na nguvu ipitayo nguvu za watu. Majeshi yalipigana kwa ajili yake, wafalme walijificha nyuma yake, na wako waliouawa kwa sababu yake. Historia ya vitu hivyo inafaa kujulikana na kila nyumba, hasa nyumba ambayo baba au mama huvaa sare ya taifa, kwa maana ndani yake mna fundisho juu ya utii na mamlaka.

Mahali pema pa kuanzia ni Nyakabuye, katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huikumbuka kwa jina la Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Huko milima hushuka kutoka msitu wa Nyungwe hadi bonde la Bugarama, ambamo mto Rusizi unapita ukitoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika. Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana karibu na hapo, na Kiswahili husikika sokoni kama Kinyarwanda. Mgeni apitaye leo huona migomba, mashamba ya mpunga bondeni na chemchemi za maji moto. Si rahisi atambue kwamba amekanyaga nchi ya zamani ya Bukunzi, iliyokuwa na mfalme wake, na ambayo kwa vizazi vingi ilisujudiwa na mfalme aliyekuwa mkubwa kuliko wake mara nyingi.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Ili kuielewa Bukunzi, sharti kwanza ieleweke Rwanda yenyewe. Katika Kinyarwanda neno "ingoma" lina maana mbili: ni ngoma ipigwayo, na tena ni ufalme. Mtu aliyesema kwamba fulani amepata ingoma hakuwa na maana kwamba amenunua chombo cha kuchezea arusini. Alikuwa akisema kwamba fulani ametawala. Mfalme angeweza kufa na mwingine akashika mahali pake, lakini ngoma haikufa. Kwa hiyo aliyeishika ngoma ndiye aliyeishika nchi, na aliyenyang'anywa ngoma hakuwa mfalme tena hata kama alikuwa na askari elfu nyuma yake.

Masimulizi ya wazee wa Rwanda yasema kwamba ngoma kuu ya kwanza iliitwa Rwoga. Katika enzi ya mfalme Ndahiro Cyamatare, adui walivuka kutoka Bunyabungo, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa Kivu, wakamwua mfalme na kuichukua Rwoga. Wanahistoria wengine huiweka habari hiyo katika karne ya 16, wengine katika karne ya 17. Yasemekana kwamba nchi ilikaa miaka kumi na mmoja bila mfalme wa halali. Mwana wa Ndahiro, Ruganzu Ndoli, alikuwa amefichwa Karagwe, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kwa shangazi yake aliyeolewa na mfalme wa huko. Alipokua alirudi, akaikomboa nchi ya baba yake, na mahali pa Rwoga akaiweka ngoma mpya iliyoitwa Kalinga.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kama nguvu ingalikuwa ndani ya mti na ngozi ya Rwoga, basi Rwanda ingalikwisha siku ile Rwoga ilipotekwa, na Bunyabungo ingalitawala nchi zote mbili. Haikuwa hivyo. Watu walikubaliana juu ya ngoma nyingine, nayo ikawa na heshima ileile. Wazee hawakulisema jambo hilo kwa maneno hayo, lakini matendo yao yalilisema.

KALINGA NA WALINZI WA SIRI

Kalinga haikupigwa ovyo. Ilikuwa na ngoma nyingine tatu za kuifuata kwa cheo, zilizoitwa Cyimumugizi, Mpatsibihugu na Kiragutse. Ilipakwa damu ya mafahali yaliyochinjwa katika ibada za mfalme. Ilikuwa na watunzaji wake, na popote ikulu ilipohamia, ngoma nayo ilihamia.

Taratibu zote za ngoma na za ufalme zilikuwa mikononi mwa watu walioitwa abiru, yaani walinzi wa siri. Hao walihifadhi kichwani maneno marefu ya ibada, ambayo jumla yake iliitwa ubwiru. Humo mlikuwa na njia ya kumtawaza mfalme, njia ya kumzika, njia ya kuomba mvua, njia ya kuondoa maradhi ya ng'ombe na ya nyuki, na njia ya kula mavuno ya kwanza ya mtama na ulezi. Hakuna mlinzi aliyepewa siri zote. Kila ukoo ulikabidhiwa sehemu yake, baba akamfundisha mwana, na aliyekosea au kutoa siri alijua adhabu yake. Maneno hayo yaliandikwa na kutolewa kitabuni mwaka 1964 tu, wakati ufalme ulipokuwa umekwisha kuondoka.

Askari asomaye habari hii bila shaka ataitambua hekima iliyomo. Siri iliyogawanywa baina ya wengi hailiwi na mtu mmoja, na mfalme mwenyewe alilazimika kuwasikiliza waliomtawaza. Ngoma ilikuwa juu ya mfalme, na walinzi walikuwa baina ya mfalme na ngoma.

Lakini Kalinga ilikuwa na upande wa pili ambao haufai kufunikwa. Juu yake vilitundikwa viungo vya mwili vilivyokatwa kutoka kwa wafalme na watawala walioshindwa vitani. Kwa baraza la mfalme hayo yalikuwa mapambo ya ushindi. Kwa mjukuu wa yule aliyeshindwa, yalikuwa ni mwili wa babu yake. Ngoma ileile iliyowafanya watu fulani wajione taifa moja iliwakumbusha wengine, kila ilipotajwa, kwamba waliingia katika taifa hilo kwa kuchinjwa.

MFALME WA MVUA

Sasa turudi Nyakabuye. Watawala wa Bukunzi, na wa jirani yao Busozo, waliitaja asili yao kuwa magharibi, upande wa nchi za ng'ambo ya ziwa na mto. Nchi zao zilikuwa ndogo. Hazikuwa na majeshi ya kusifiwa, wala ngoma ya kutundikiwa mateka ya wafalme. Kwa kipimo cha mikuki, mfalme kama Kigeli Rwabugiri, aliyefanya vita pande zote na kufa mwaka 1895 akiwa safarini kwenda kupigana ng'ambo ya ziwa, angaliweza kuzimeza kwa msimu mmoja. Hata hivyo hakuziondoa. Bukunzi iliendelea kuwa na mfalme wake, na mfalme huyo hakulazimishwa kwenda kukaa ikulu na kungojea amri kama walivyofanya machifu wa nchi nyingine.

Sababu ilikuwa mvua. Mfalme wa Bukunzi aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuileta mvua na kuizuia, na imani hiyo haikuishia mipakani mwake. Baraza la Rwanda, lenye Kalinga na walinzi wake wote, lilipeleka zawadi za ng'ombe Bukunzi ili mbingu zifunguke. Mwenye ngoma ya ushindi alimwendea kwa heshima mwenye mvua.

Mtu wa leo, aliyezoea utabiri wa hali ya hewa redioni, anaweza kutabasamu. Lakini na atazame jiografia. Nyakabuye iko kando ya msitu mkubwa wa mlimani, ambako mawingu hujikusanya na mvua hunyesha kwa wingi kuliko nyanda za mashariki mwa Rwanda. Mtu wa mashariki aliyeona mahindi na maharagwe yake yakikauka, kisha akasikia kwamba huko kusini-magharibi milima haikauki, alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mwenye milima hiyo anajua neno. Imani haikuzuka hewani. Ilizaliwa na jambo lililoonekana kwa macho, ikavishwa vazi la utukufu.

Tena imani hiyo ilifanya kazi ya kweli. Iliwapa watu wa Bukunzi ngome isiyojengwa kwa mawe. Iliwafanya wenye nguvu wajizuie. Taifa dogo lililokuwa na kitu ambacho kila mtu alikihitaji lilidumu pembeni mwa taifa kubwa, na pande zote mbili zilifaidika: mmoja alipata amani, mwingine alipata matumaini ya mavuno.

MWAKA 1925

Wajerumani walipoitawala Rwanda walipata taabu na Bukunzi, nao wakapeleka askari huko. Walifuatwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 mfalme Ndagano wa Bukunzi alifariki. Mwanawe Ngoga akarithi, na pamoja naye akawapo mama yake, Nyirandakunze, kwa kuwa katika nchi hizo mama wa mfalme alikuwa na mamlaka makubwa kando ya mwanawe. Zilikuwapo habari za watu kuuawa katika maombolezo ya Ndagano, na serikali ya kikoloni ilizishika habari hizo. Lakini ilikuwa pia na sababu nyingine iliyo wazi: haikutaka kuona ndani ya mipaka yake mtawala asiyekuja aitwapo, asiyetoa kodi aombwapo, na ambaye watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa msimamizi wa wilaya.

Askari waliingia Bukunzi. Nyirandakunze aliuawa mwaka 1925 walipokwenda kumkamata. Ngoga akakamatwa, na nyumba ya Ndagano ikakoma kutawala. Muda mfupi baadaye Busozo nayo ikafuata. Nchi zote mbili zikawekwa chini ya Rwagataraka, chifu mkubwa wa Kinyaga aliyesikilizana na Wabelgiji.

Mwaka uleule wa 1925, mbali na Nyakabuye, tendo la pili lilifanyika bila bunduki kulia. Gashamura, mkubwa miongoni mwa walinzi wa siri, aliyekuwa na dhamana ya sikukuu ya mavuno iitwayo umuganura, alihamishwa kwa nguvu akapelekwa Burundi. Ibada ya kula mavuno ya kwanza ikakoma ikulu. Miaka sita baadaye, mwezi wa Novemba 1931, mfalme Yuhi Musinga aliondolewa na kupelekwa uhamishoni Kamembe, mji ulio mbele tu ya milima ya Nyakabuye, na baadaye akapelekwa Kongo. Mwanawe Rudahigwa alitawazwa na gavana wa Kibelgiji, na jina lake la ufalme, Mutara, likachaguliwa na askofu. Walinzi wa siri hawakuulizwa.

Kwa hiyo Kalinga ilibaki imekaa mahali pake, ikiwa na ngozi yake na mapambo yake, lakini waliojua maneno yake walikuwa wameondolewa mmoja baada ya mwingine. Wakoloni hawakuhitaji kuichoma moto. Walivunja mapatano yaliyoizunguka, na ngoma ikaanza kuwa mti.

RISASI NA DAWA

Wako watakaouliza: kama vitu hivyo vilikuwa na nguvu, kwa nini havikuwafukuza wageni? Jibu liko Shangi, kando ya ziwa Kivu, si mbali sana na Nyakabuye. Mwaka 1896 jeshi la Rwanda, lililokuwa limezoea kushinda na lililotumwa kwa baraka zote za ikulu, lilikwenda kuwafukuza askari wa Dola Huru ya Kongo waliokuwa wamepiga kambi hapo. Mikuki na pinde zilikutana na bunduki. Jeshi likavunjika, na kiongozi wake Bisangwa akafa hapohapo.

Miaka tisa baadaye, kusini mwa Tanganyika, jambo kama hilo lilirudiwa kwa hasara kubwa zaidi. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa maji ambayo watu waliambiwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905, lakini vita vya Maji Maji viliendelea hadi mwaka 1907, na njaa iliyoletwa na Wajerumani waliochoma mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi.

Lakini itakuwa si haki kusema kwamba maji yale hayakufanya lolote. Yaliwakutanisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine ambao kabla ya hapo hawakuwa na kiapo kimoja. Huo ndio uliokuwa uwezo wake wa kweli, nao haukuwa mdogo. Kosa lilikuwa ni kuchanganya mambo mawili: kitu kinachoweza kuunganisha mioyo kikadhaniwa kwamba kinaweza pia kusimamisha chuma. Mapatano huwafunga waliopatana. Risasi haikuwapo kwenye mapatano.

Fundisho hilo halijazeeka. Mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya 1990, makundi yaliyojiita Mai-Mai yamewapaka vijana maji na dawa na kuwaambia kwamba hawatapigwa na risasi. Miongoni mwao wamekuwamo watoto. Mzazi yeyote katika nchi za maziwa makuu, na hasa mzazi aliye askari ajuaye risasi ni nini, anao wajibu wa kumwambia mwanawe ukweli mapema, kabla hajakutana na mtu wa kumwambia uongo.

NGOMA KATIKA SIASA

Kalinga haikufa kimya. Katika miaka ya 1950, wakati watu wa Rwanda walipoanza kudai usawa na kujitawala, ngoma iliyokuwa imekaa kimya ikasikika tena, safari hii katika barua na mikutano. Mwaka 1958 wazee wa ikulu ya Nyanza waliandika kwamba mababu zao waliwashinda wafalme wa Wahutu, kwa hiyo hapakuwa na udugu wa kudai kugawana. Waliopinga maneno hayo waliielekea Kalinga na kusema kwamba ngoma iliyotundikwa viungo vya wafalme wao haiwezi kuwa alama ya watu wote. Kila upande ulikuwa ukiitazama ngoma ileile, lakini haukuwa ukiona kitu kilekile.

Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Mwezi wa Novemba mwaka huo damu ikamwagika, nyumba zikachomwa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Tarehe 28 Januari 1961, katika mkutano uliofanyika Gitarama, ufalme ulitangazwa kuwa umekwisha na Kalinga ikatangazwa kuwa imefutwa. Kura ya mwezi wa Septemba mwaka huo ilithibitisha jamhuri. Tangu wakati huo Kalinga haikuonekana hadharani.

Wako waliofikiri kwamba ngoma ikiondoka, ubaya wote umeondoka pamoja nayo. Historia imeonyesha vingine. Kitu kiliondolewa, lakini mazoea ya kuwahesabu wananchi kwa ukoo wa mshindi na ukoo wa mshindwa yaliachwa, yakageuzwa juu chini, yakaendelea kuandikwa katika vitambulisho na kufundishwa shuleni. Mwisho wake ulikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo hakuna nyumba ya Nyakabuye wala ya Rwanda nzima isiyoyajua. Si haki kuitwika ngoma dhambi hiyo. Watu ndio waliofanya. Lakini ni haki kusema kwamba kuvunja alama bila kuponya kilichokuwa chini yake ni sawa na kung'oa jani la gugu na kuuacha mzizi.

VIKO WAPI LEO?

Swali la mtoto bado halijajibiwa. Viko wapi?

Vingine vimefungiwa mbali. Wapokomo wa mto Tana nchini Kenya walikuwa na ngaji, ngoma kubwa takatifu iliyotunzwa na baraza la wazee wao. Ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, nayo iko London katika ghala la jumba kuu la makumbusho la huko, ambako wajukuu wa walioipiga wamekuwa wakidai irudi.

Vingine vilinyamazishwa na serikali za Kiafrika zenyewe. Huko Ankole, Uganda, ngoma ya Bagyendanwa ilikuwa na ng'ombe wake na nyumba yake, na mtu mwenye shida aliweza kuiendea kuomba msaada. Mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa na ngoma ikaondolewa mahali pake. Mwaka 1993 Buganda ilimtawaza tena Kabaka na ngoma zake zikalia. Ankole haikupata ruhusa kama hiyo, kwa kuwa wengi wa wananchi wake wenyewe hawakukubaliana kwamba ufalme ule ulikuwa wa wote. Ona jinsi mambo yanavyofanana: hapo napo swali halikuwa uzito wa ngoma, bali ni nani aliyehesabiwa chini yake.

Vingine vimebadilishwa kazi. Ngoma za Burundi, zilizokuwa za mfalme na za watunzaji wachache, leo hupigwa mbele ya mataifa, na mwaka 2014 zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Na kimoja kimerudi nyumbani kwa namna ya kufurahisha. Sikukuu ya umuganura, ile iliyokatwa mwaka 1925 Gashamura alipohamishwa, ilifufuliwa nchini Rwanda mwaka 2011. Huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Hakuna mfalme anayekula kwanza. Watu hukusanyika kwa jirani, mtama na mavuno mengine huletwa, na watoto hunyweshwa maziwa. Nyakabuye nayo husherehekea. Kati ya mambo yote yaliyokuwa katika siri za walinzi wa zamani, hilo ndilo lililoweza kurudi bila kumwumiza mtu, kwa sababu kila mmoja ana sahani yake ndani yake.

NENO LA KUMALIZIA

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Kalinga ilivuma kuliko zote katika nchi yake, nayo imenyamaza. Mvua ya Bukunzi haikuvuma. Ilinong'onwa tu, ng'ombe wakaletwa, na nchi ndogo ikaishi kwa amani hadi alipokuja asiyehitaji mvua yake. Vyote viwili vilikuwa na nguvu wakati watu walipokubaliana kwamba vina nguvu. Tofauti ni hii: kimoja kiliwakumbusha watu nani aliyemshinda nani, na kingine kiliwakumbusha kwamba hata mshindi huona njaa.

Basi mtoto atakapouliza, na aambiwe. Aambiwe kwamba vitu vya ajabu vilikuwapo, na kwamba ajabu yake ilikuwa mioyoni mwa watu. Aambiwe jina la Nyirandakunze, mama aliyeuawa kwa sababu nyumba yake iliaminiwa kuliko serikali. Aambiwe kwamba bendera anayoisimamia baba au mama kila asubuhi ni kitambaa, kama vile Kalinga ilivyokuwa mti na ngozi, na kwamba kinachokifanya kitambaa hicho kistahili saluti ni kuwa kila raia amehesabiwa chini yake, hakuna aliyetundikwa juu yake kama pambo.

Wazee wanaokumbuka majina haya wanapungua kila mwaka. Nyumba iliyo na babu au bibi kutoka Kinyaga, Ankole, Karagwe au Tana isingoje. Daftari moja la shule na kalamu vyatosha. Swali la kwanza la kumwuliza mzee lisiwe kwamba kitu chenu kilikuwa na nguvu gani. Liwe kwamba kilikuwa cha nani, na jirani zenu walikisikia vipi kilipolia.

Mwezi wa Septemba, mawingu hukusanyika tena juu ya Nyungwe na kushuka kuelekea Nyakabuye. Wakulima husimama mlangoni na jembe mkononi wakitazama juu, kama walivyofanya watu wa Ndagano. Hakuna tena anayepeleka ng'ombe. Mvua ikija, huwanyeshea wote.